Waliolipia usiku wa Entebbe

Mercedes iliyoshuka kutoka tumboni mwa ndege ya mizigo pale Entebbe, saa sita usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 4 Julai 1976, ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kwa ajili ya safari ile. Nyuma yake zilifuata Land Rover mbili. Makomando wa Israeli waliokuwa ndani, waliokuja kuwakomboa mateka wa ndege iliyotekwa, walivaa sare za madoadoa zilizofanana na za askari wa miamvuli wa Uganda. Hesabu yao ilikuwa kwamba mlinzi akiona Mercedes nyeusi yenye msafara usiku ule atadhani ni mkubwa anapita, pengine Idi Amin mwenyewe, na atapiga saluti.

Njiani kuelekea jengo la zamani la abiria walisimama walinzi wawili. Mmoja akainua bunduki kuwataka wasimame. Muki Betser, ofisa aliyekuwa mbele pamoja na kamanda, aliwahi kuishi Uganda akifundisha askari wa nchi hiyo enzi Israeli na Uganda zilipokuwa marafiki. Baadaye alisema kwamba kitendo kile kilikuwa utaratibu wa kawaida wa zamu, na kwamba wangeachwa wapite. Kamanda wake, Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, aliona vingine. Zikafyatuliwa bastola zenye viwambo vya kuzuia sauti, lakini hazikumaliza kazi. Ndipo bunduki isiyo na kiwambo ikalia kutoka kwenye moja ya magari, na siri ikatoka. Jengo walikuwa bado hawajalifikia. Kuanzia hapo ikawa ni mbio.

Sekunde zile zimebishaniwa kwa miongo kadhaa. Familia ya Netanyahu na Betser walivutana kwa miaka mingi juu ya nani alikosea, nani alichelewa, nani alifyatua kwanza. Yapo maandishi mengi, yapo mahojiano, zipo filamu. Lakini yule mlinzi aliyeinua bunduki akiwa kazini katika nchi yake mwenyewe, katika simulizi nyingi zinazosomwa duniani hana jina. Jambo hilo ndilo linalonisukuma kuandika habari ya kikosi cha makomando wale. Ushujaa wake siupingi. Ila hadithi ya makomando wachache waliofanya kila kitu peke yao imeacha nje watu wengi mno, na wengi wao walikuwa watu wa kwetu, Afrika Mashariki.

Kikosi chenyewe ni Sayeret Matkal. Kiliundwa mwaka 1957 na ofisa aitwaye Avraham Arnan, aliyeona kwamba jeshi la Israeli lilihitaji watu wachache wa kuvuka mpaka, kujibanza ndani ya nchi ya adui na kurudi na habari. Kielelezo chake kilikuwa SAS ya Uingereza, ambayo David Stirling aliianzisha mwaka 1941 katika vita vya jangwa la Afrika Kaskazini. Hata kaulimbiu ya Waingereza hao, kwamba mwenye kuthubutu ndiye mshindi, ilichukuliwa kama ilivyo. Kikosi kikawekwa chini ya idara ya ujasusi ya jeshi, mbali na mlolongo wa kawaida wa amri za brigedi na divisheni.

Wengi wetu tunakifahamu kwa habari za mateka, lakini kazi iliyokizaa ni ya kimya zaidi. Ni kupenya usiku hadi ndani ya Misri au Syria, kutega mitambo ya kunasa mawasiliano ya kijeshi, kufuta nyayo na kuondoka kabla ya alfajiri. Askari anayefaa kwa kazi hiyo si lazima awe mwenye misuli kuliko wenzake. Mafunzo yake huchukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na sehemu kubwa ni kutembea: mwanafunzi hukariri ramani mchana, kisha usiku hupita mabonde na vilima akiwa na mzigo mgongoni na ramani kichwani. Miaka ya mwanzo vijana waliingia kwa kufahamiana. Ndugu alimleta ndugu, rafiki akamleta rafiki, wengi wakitoka kwenye vijiji vya ujamaa vya kibbutz. Baadaye ndipo mlango ulifunguliwa kwa wengine kupitia usaili mkali wa siku kadhaa.

Kwa miaka mingi magazeti ya Israeli hayakuruhusiwa kukitaja kwa jina. Usiri huo ulikuwa na maana ya kijeshi, sina ubishi. Ila kikosi kisichotajwa ni vigumu pia kukiuliza maswali. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Aprili 1973 makomando hao walishuka kwenye fukwe za Beirut, kamanda wao Ehud Barak akiwa amevaa nguo za kike na nywele za bandia, wakawaua majumbani mwao viongozi watatu wa Wapalestina. Mke wa mmoja wao aliuawa naye, na bibi mzee raia wa Italia aliyekuwa akiishi katika jengo hilo. Simulizi ya Barak na nywele za bandia imezunguka dunia nzima. Bibi yule hutajwa kwa nusu sentensi, akitajwa. Desemba 2003 baadhi ya waliopita kikosini humo waliona wana la kusema: askari 13 wa akiba walimwandikia Waziri Mkuu Ariel Sharon barua ya wazi wakikataa kutumika katika maeneo ya Wapalestina yanayokaliwa. Nchini kwao barua hiyo ilizua mtafaruku mkubwa, kwa sababu ya mahali waandishi wake walikotoka.

Kazi ya mateka iliwafikia kwa kulazimishwa na mambo. Mei 1972 ndege ya shirika la Sabena ilitekwa na watu wanne wa kundi la Black September na kushushwa Lod. Makomando 16 wakavaa ovaroli nyeupe za mafundi, wakaisogelea kana kwamba wanakuja kuitengeneza, wakaingia. Abiria mmoja alipoteza maisha, wengine wote wakatoka hai. Barak aliongoza operesheni hiyo. Benjamin Netanyahu, mdogo wake Yonatan, alijeruhiwa mkononi. Wote wawili walikuja kuwa mawaziri wakuu.

Mafanikio hayo yalifuatwa na Ma'alot. Tarehe 15 Mei 1974 wapiganaji watatu wa Kipalestina waliteka shule iliyokuwa na wanafunzi zaidi ya 100 waliolala humo wakiwa ziarani. Mpango ulikuwa mdunguaji afungue kazi kwa risasi moja. Risasi hiyo haikumwangusha mlengwa. Kikundi kimoja kikapitiliza hadi ghorofa isiyo yenyewe, moshi wa bomu lao wenyewe ukawaziba macho, na katika dakika hizo chache watekaji wakawageukia watoto kwa bunduki na mabomu ya mkono. Watoto 22 walikufa. Walioingia ndani walikuwa askari wa kikosi hikihiki chenye sifa, na Betser alikuwa miongoni mwao. Atakayesoma mpango wa Entebbe bila kuijua Ma'alot ataona ujasiri tu. Akiijua, ataona hofu ya watu waliokwisha kuona gharama ya kuchelewa sekunde kumi kati ya mlango na mateka.

Turudi basi kwa ndege yenyewe. Jumapili ya tarehe 27 Juni 1976, Airbus ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitua Athens kuchukua abiria. Wanne kati ya waliopanda walikuwa watekaji: Wapalestina wawili wa kundi lililojitenga na chama cha Kipalestina cha PFLP, na Wajerumani wawili, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Ndege ikapelekwa Benghazi kujaza mafuta, kisha Entebbe, ambako watekaji walipata wenzao zaidi waliowasubiri na mwenyeji aliyewapokea. Walitaka wafungwa 53 waachiwe. Baadhi yao walidaiwa kushikiliwa na Kenya, kwani mwezi Januari mwaka huo watu waliokutwa na makombora ya kurushwa begani, wakituhumiwa kutaka kuitungua ndege ya El Al, walikuwa wamekamatwa karibu na uwanja wa Nairobi. Kwa hiyo Kenya ilikuwa ndani ya jambo hili kabla hata Waisraeli hawajafikiria kuomba mafuta.

Watekaji waliwatenga Waisraeli na abiria wengine, kisha wakawaachia karibu watu 150 kwa mafungu mawili, tarehe 30 Juni na 1 Julai. Rubani, Michel Bacos, aliruhusiwa kuondoka na wafanyakazi wake. Alikataa, akabaki na abiria wake, na wafanyakazi wote wakabaki naye. Katika habari hii yote sijaona uamuzi unaonigusa kuliko huo, na aliyeuchukua hakuwa na bunduki.

Walioachiwa ndio waliotoa macho kwa kikosi. Walipofika Paris walihojiwa mmoja mmoja: watekaji ni wangapi, wanakaa upande gani, mlango upi unafungukia wapi, askari wa Uganda wanalala wapi. Kampuni ya ujenzi ya Israeli, Solel Boneh, ilikuwa imefanya kazi Entebbe miaka ya urafiki, hivyo michoro ya jengo ilipatikana. Maofisa kadhaa walikuwa wamefundisha jeshi la Uganda kabla Amin hajawafukuza Waisraeli mwaka 1972, kwa hiyo walimjua kiongozi huyo, walijua zamu za walinzi, walijua anavyopenda magari. Wakajenga mfano wa jengo na kufanya mazoezi ya kushuka kwenye ndege na kukimbia mlangoni, mara kwa mara, kwa kipimo cha saa.

Amin aliwasaidia bila kukusudia. Mwanzoni mwa Julai alikwenda Mauritius kukabidhi uenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na watekaji wakasogeza muda wao wa mwisho hadi Jumapili.

Jumamosi mchana ndege nne za mizigo aina ya Hercules ziliruka kutoka Sharm el-Sheikh, kabla baraza la mawaziri la Waziri Mkuu wa Israeli, Yitzhak Rabin, halijamaliza kupiga kura. Kama lingekataa, zingeitwa zirudi. Zilishuka chini kabisa juu ya Bahari ya Shamu ili rada zisizione, zikaelekea kusini mwendo wa kilomita karibu 4,000. Tatizo lililowanyima wapangaji usingizi lilikuwa mafuta, kwa sababu Hercules haikuweza kwenda na kurudi bila kujaza. Walibeba pampu yao, wakiwa tayari kuvuta mafuta kutoka matangi ya Entebbe kwenyewe huku risasi zikilia, kazi ambayo ingewaweka uwanjani kwa muda mrefu wa hatari. Nairobi ilipowakubalia ndipo safari ilipowezekana kweli. Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo wa Kenya, anatajwa kuwa mtu aliyemshawishi Mzee Jomo Kenyatta. Boeing 707 yenye madaktari na vitanda vya upasuaji ilitua Nairobi mapema kuwasubiri majeruhi.

Ndege ya kwanza ilitua Entebbe taa za njia ya kurukia zikiwa zinawaka. Askari wa miamvuli wakaruka kutoka milangoni ikiwa bado inatembea, wakaweka taa ndogo za kubebeka kando ya njia, moja baada ya nyingine, wakijihadhari na mtu wa mnara kuzima za uwanja. Kweli zilizimwa, na ndege zilizokuwa nyuma zikatua kwa taa zile za chini. Hao hawakuwa Sayeret Matkal. Operesheni nzima ilikuwa chini ya Brigedia Jenerali Dan Shomron, ikiwa na askari wa miamvuli, askari wa brigedi ya Golani, madaktari na marubani. Wa kikosi chenyewe waliopewa kuvamia jengo walikuwa takriban 30.

Ndani ya ukumbi mateka walikuwa wamelala sakafuni. Makomando waliita kwa kipaza sauti, kwa Kiebrania na Kiingereza, watu wasiinuke. Jean-Jacques Maimoni, kijana wa miaka 19, aliinuka kwa furaha, wakamdhania mtekaji, wakampiga risasi. Mateka wawili wengine walipata majeraha ya kuwaua katika majibizano ya risasi. Watekaji waliokuwapo waliuawa wote. Nje, Yonatan Netanyahu alipigwa risasi akafa, akiwa na miaka 30, askari pekee wa Israeli aliyepoteza maisha usiku ule. Kabla ya kuondoka waliziteketeza zaidi ya ndege 10 za kivita aina ya MiG ili zisiwafuate. Haikutimia saa moja tangu kutua, mateka 102 walikuwa hewani kuelekea Nairobi.

Askari wa Uganda waliouawa, kwa idadi inayotajwa mara nyingi, walikuwa 45. Walikuwa watumishi wa dikteta, ndiyo, na jeshi lile lilikuwa limewatesa raia wa Uganda kwa miaka mitano. Bado sikubali kwamba kila kijana aliyepangwa zamu ya uwanja wa ndege Jumamosi ile alikuwa mshirika wa watekaji.

Dora Bloch, mama wa miaka zaidi ya 70 mwenye uraia wa Uingereza pia, alikuwa amepelekwa hospitali ya Mulago baada ya kukwamwa na chakula kooni. Ndege zilipoondoka yeye alikuwa kitandani. Ofisa wa ubalozi wa Uingereza alimwona siku ya Jumapili, akaondoka, na aliporudi akazuiwa. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wa Amin na ambaye baadaye alikimbia nchi, aliandika jinsi watu wa usalama walivyoingia wodini na kumburuta akipiga kelele mbele ya wagonjwa na wauguzi. Mwisho wa mwezi huo Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda. Mabaki ya Bloch yalipatikana mwaka 1979, baada ya majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda kuiteka Entebbe, kisha Kampala, mwezi Aprili.

Kisha hasira ya Amin ikawageukia Wakenya. Tayari mwezi Februari alikuwa amedai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda. Sasa akawa na kisingizio. Wakenya waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Uganda, wakiwamo wafanyakazi wa uwanja wa Entebbe, walisakwa. Idadi inayotajwa ya waliouawa ni 245, na maelfu walivuka mpaka kurudi kwao. Hawa hawakuombwa ushauri na Kenyatta, wala na McKenzie, wala na Rabin. Walikuwa makarani, vibarua, wafanyabiashara wadogo, watu walioamka Jumapili asubuhi na kukuta uraia wao umegeuka kosa. McKenzie mwenyewe alilipa miaka miwili baadaye: tarehe 24 Mei 1978 bomu lililipuka katika ndege ndogo iliyokuwa ikimrudisha Nairobi kutoka kuonana na Amin. Na usiku wa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, hoteli ya Norfolk jijini Nairobi ililipuliwa, watu wapatao 20 wakafa, kitendo kilichohusishwa na kisasi cha Entebbe.

Nikiyaweka haya pamoja siwezi kusema mateka wangeachwa. Watu zaidi ya 100 walikuwa wametengwa kwa sababu ya utaifa wao, chini ya mtutu, na serikali yao ilikuwa na wajibu wa kuwatoa. Ninachosema ni kwamba gharama ya operesheni ile haikuishia kwa askari mmoja na mateka watatu, kama inavyoandikwa kwenye vitabu vya kijeshi. Ilipelekwa kwa watu ambao hawakuwa na kikosi chochote cha kuwakomboa.

Majeshi mengine yalijifunza Entebbe haraka, na mengine yalijifunza nusu tu. Oktoba 1977 GSG 9, kikosi cha polisi wa Ujerumani Magharibi, kiliingia ndege ya Lufthansa iliyotekwa na kushushwa Mogadishu, kikawaokoa abiria wote 86. Serikali ya Somalia ilikuwa imekubali, na hilo lilirahisisha nusu ya kazi. Aprili 1980 Marekani ilipotaka kuwatoa watu wake Tehran, operesheni ilivunjika jangwani kabla ya kuufikia mji. Helikopta zilipungua, moja ikagongana na Hercules, wanajeshi 8 wakafa. Makomando wa Delta, kikosi maalumu cha Marekani, walikuwa tayari, waliofunzwa vizuri, na hawakupata hata nafasi ya kuingia mlangoni.

Afrika Mashariki ina mfano wake, nao unauma. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa. Kikosi cha Recce cha polisi wa GSU kilikuwa Nairobi, na usafiri wa anga ukachelewa. Makomando walifika mchana, na walipoingia bwenini walimaliza mapambano kwa muda mfupi. Watu 148 walikuwa wamekwisha kufa. Kwa umahiri wa askari wale sioni la kulaumu. Lakini kikosi maalumu ni pamoja na rubani aliye tayari, mafuta yaliyokwisha jazwa, na mkubwa anayetoa amri saa ileile. Entebbe ingefundisha hilo, kama tungeisoma kwa upande wa pampu na taa za kubebeka badala ya kuitazama kwenye filamu.

Tarehe 4 Julai 2016, miaka 40 baadaye, Benjamin Netanyahu alikuja Entebbe akiwa Waziri Mkuu, akapokewa na Rais Yoweri Museveni kwenye jengo lile la zamani, na ndugu yake akakumbukwa kwa heshima zote. Alistahili kukumbukwa. Wakenya waliouawa wiki zile na askari waliokufa zamuni wana familia pia, Kisumu, Busia, Tororo, Arua, na vijana wao wa mwaka 1976 sasa ni wazee wa miaka 70 na kuendelea. Orodha yenye majina yao, mmoja baada ya mwingine, na kazi aliyokuwa akifanya na mahali alipokutwa, inaweza kuandikwa sasa, wakati wanaokumbuka bado wanasema. Makerere ina wanahistoria, Chuo Kikuu cha Nairobi kinao, na Busia inafikika kutoka vyuo vyote viwili.